Hadithi ya Kigeni Inapopanga Kariakoo

Mtu akiichukua hadithi ya Sinderela akaiweka katika ulimwengu wa miungu ya Waskandinavia wa kale, kwa akina Odin, Thor na Loki, atakwama mapema. Mavazi hayatamsumbua. Gauni litakuwa joho la manyoya, kiatu cha kioo kitakuwa cha fedha, na bibi wa miujiza atakuwa mmoja wa wale wanawake watatu wanaopanga majaliwa ya viumbe chini ya mti mkubwa wa dunia. Shida iko mwishoni. Sinderela aliyechapishwa na Charles Perrault huko Ufaransa mwaka 1697 humalizikia kwenye harusi, na harusi ndiyo malipo ya mateso yote. Ulimwengu wa Odin hauna malipo ya namna hiyo. Humo hata miungu inajua itakufa: siku ya Ragnarök mbwa mwitu Fenrir atammeza Odin, na Thor atamuua nyoka mkuu wa baharini, kisha naye ataanguka kwa sumu yake. Snorri Sturluson aliyaandika hayo Iceland katika karne ya 13, na kila anayesimulia habari za huko anayarithi. Harusi ikifika mahali kama hapo haiwezi kuwa mwisho wa safari. Inakuwa kituo tu kabla ya vita.

Swali la kusimulia upya hadithi mashuhuri liko papo hapo. Je, msimulizi abadilishe majina na mavazi tu, au aziache sheria za mahali papya ziamue mwisho? Hatuhitaji kwenda Iceland kulijibu. Kwa zaidi ya miaka 150 Zanzibar na Dar es Salaam zimekuwa zikilijibu, kuanzia kwa watambaji wa ngano wa karne ya 19 hadi kwa wasimulizi wa filamu zinazouzwa katika maduka ya Kariakoo. Jibu lao ni moja: hadithi ngeni ni mpangaji, na mpangaji hufuata sheria za nyumba aliyohamia. Isipozifuata imepita njia tu, haijahamia.

Paa aliyekaa mahali pa paka

Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyefika Zanzibar mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, alichapisha London mkusanyo wa ngano alizozipata kwa wenyeji. Mojawapo ni kisa cha Sultani Darai. Maskini mmoja, Hamdani, anashinda jaani akichakura punje za mtama. Siku moja anaokota thumuni na kununua paa. Paa huyo anasema kama binadamu. Anaokota almasi, lakini badala ya kumpa bwana wake aiuze, anaipeleka kwa sultani wa mbali kuwa zawadi ya posa. Anamwambia sultani kuwa bwana wake, Sultani Darai, amevamiwa njiani na wanyang'anyi wakamvua kila kitu. Sultani anatoa nguo na farasi. Kisha paa anatangulia hadi kwenye jumba la nyoka wa vichwa saba, anavikata vichwa vyote, na jumba linakuwa la Hamdani.

Msomaji wa ngano za Ulaya ataitambua hadithi hii mara moja. Ni Paka Mwenye Buti, aliyechapishwa katika kitabu kile kile cha Perrault cha mwaka 1697. Kabla ya hapo Straparola alikuwa ameichapisha Venice katika miaka ya 1550, na Basile akaisimulia kwa lugha ya Napoli katika kitabu kilichotoka mwaka 1634. Hila ni ile ile, uongo wa wanyang'anyi ni ule ule, na jumba pia linanyakuliwa kwa zimwi. Kinachotofautiana ni kile kinachofuata utajiri ukishapatikana.

Kwa Perrault, paka anakuwa bwana mkubwa na anawinda panya kwa kujifurahisha tu. Kwa Basile, paka anajifanya amekufa ili ampime bwana wake, na bwana anaamuru atupwe nje ya dirisha. Paka anamlaani na kwenda zake, lakini bwana anabaki na mali yake yote. Zanzibar haikukubali mwisho wa kwanza wala wa pili. Paa anaugua na kumtuma kikongwe wa jumba akamwambie bwana. Bwana anaamuru apikiwe uji wa mtama, chakula cha hovyo katika nyumba iliyojaa vinono, na anakumbusha kwamba paa mwenyewe alinunuliwa kwa thumuni. Mke wake anashangaa na kumsihi, lakini mume hasikii. Paa anakufa kwa uchungu na mwili wake unatupwa kisimani. Baba mkwe anapopata habari anakuja na watu wake, analia, anautoa mwili na kuuzika kwa heshima. Usiku mke anaota yuko kwa baba yake, na akiamka yuko kwa baba yake kweli. Hamdani anaota anachakura jaani, na akiamka yuko jaani, na watoto wanamuuliza alikuwa wapi siku zote hizo.

Mwisho huo haukuwekwa kama pambo. Umetoka katika sheria ya mahali. Waswahili husema wema hauozi, na kinyume chake pia ni kweli kwao: wema uliosahauliwa hugeuka deni, na deni hilo hudaiwa na mali yenyewe. Tukumbuke pia wasikilizaji wa ngano hii walikuwa nani. Zanzibar ya miaka ya 1860 ilikuwa mji wa mabwana na watwana. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, miaka mitatu baada ya kitabu kutoka, na kanisa la Steere likajengwa hapo hapo. Katika mji kama huo, kiumbe aliyenunuliwa kwa thumuni, akamwita mnunuzi wake bwana, akamjengea jina, mke na jumba, kisha akaugua na kupewa uji wa mtama, hakuwa mnyama wa ngano tu. Kila aliyeketi pale barazani alijua ni nani anayesemwa. Ndiyo maana msimulizi hakuweza kumwacha Hamdani alale kitandani mwake kwa amani.

Baghdad inapata mtaa

Mfano wa pili kila aliyesoma shule Tanzania anao kichwani. Abu Nuwas wa historia alikuwa mshairi wa Baghdad wa karne ya 8 na mwanzo wa karne ya 9, msanii wa mashairi ya mvinyo na mapenzi. Abunuwasi wa hekaya za Kiswahili ni mtu mwingine: maskini mwerevu anayewashinda wafanyabiashara na sultani kwa kuzishika kauli zao wenyewe. Hekaya zake zinafanana na zile ambazo Waturuki humsimulia Nasreddin Hoja. Mojawapo ni ya sufuria. Anaazima sufuria kwa jirani na kuirudisha pamoja na sufuria ndogo, akisema ile kubwa imezaa. Jirani anapokea kwa furaha. Safari ya pili Abunuwasi anasema sufuria imekufa, na jirani anapokwenda kushtaki anaambiwa kwamba kinachozaa hufa. Hekaya hii imedumu kwa sababu inabeba sheria ya biashara ambayo mtu wa Mtaa wa Kongo au wa Swahili haihitaji kufundishwa: ukikubali faida ya uongo, umejifunga kuipokea hasara yake.

Shaaban Robert alikwenda mbali zaidi. Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, kimejengwa juu ya kisa cha Alfu Lela Ulela cha gavana ambaye kila usiku huwachapa mbwa wawili kisha huwabembeleza, na mbwa hao ni ndugu zake waliogeuzwa. Katika mikono ya Shaaban Robert, khalifa Harun al-Rashid anaondoka na mahali pake anakuja Mfalme Rai wa nchi ya Ughaibu. Mbwa wanakuwa manyani. Majina ya watu yanakuwa majina ya tabia, hata msomaji anajua toka ukurasa wa kwanza ni nani anabeba uadilifu na nani anabeba husuda. Kisa cha maajabu kimegeuzwa kuwa kitabu cha maadili, na hukumu yake inahusu jinsi ndugu anavyopaswa kumtendea ndugu. Hakuna anayekiita kitabu hicho nakala, na ni haki.

Tafsiri za tamthilia ni kazi ya aina nyingine. Mwalimu Nyerere alipoitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na Samuel Mushi alipoitoa Makbeth mwaka 1968, walimleta mgeni azungumze Kiswahili huku akibaki kwao. Roma ilibaki Roma. Kazi hiyo ni kubwa na ina heshima yake, lakini mfasiri anabanwa na andiko. Msimulizi anabanwa na wasikilizaji.

Sauti juu ya picha

Wasikilizaji hao ndio waliozaa sanaa ya tatu, ya kusimulia filamu, na kwao ndiko Kariakoo inakoingia. Kwa miongo mingi katikati ya Dar es Salaam kulikuwa na majumba ya sinema kama Empire, Avalon na Odeon, yaliyoonyesha filamu za Kihindi na za Kimarekani bila neno la Kiswahili. Aliyekwenda aliporudi nyumbani aliwasimulia wasiokwenda, na filamu moja ikawa na wasimulizi kila mtaa. Watoto waliokuwa nyumbani walikuwa na Radio Tanzania na kipindi cha Mama na Mwana, kwa sauti ya Debora Mwenda. Televisheni ya Tanzania Bara ilianza mwaka 1994 tu. Kanda za video zilipoingia na vibanda vya kuonyeshea vikaenea uswahilini, kiti cha mtambaji wa ngano kilikuwa wazi, na kikapata mtu.

Kibanda chenyewe kila aliyekulia Dar anakijua: ukuta wa mabati, mabenchi ya mbao, joto, televisheni imewekwa juu ili wa nyuma waone. Msimulizi anapunguza sauti ya filamu na kuingiza yake. Mwigizaji amesema maneno manne. Msimulizi anampa sentensi tatu. Anageuza sauti kwa mwanamke, kwa mzee, kwa mtoto. Pale ambapo picha iko kimya na kamera inamfuata mtu akitembea, yeye hakai kimya. Anaeleza huyu anatoka wapi, amemfanya nini mwenzake, na kwa nini safari hii hatapona. Anawaonya watazamaji na kumlaumu mhusika kwa ujinga wake. Mji wa mbali anaufananisha na Manzese au Magomeni, deni la kwenye filamu analitaja kwa shilingi, na shujaa ni steringi, na kila mtu kibandani anajua kwamba steringi hafi.

Bingwa wa kazi hii jijini alikuwa Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Mwanaanthropolojia wa Kijerumani Matthias Krings ameandika kwa kina juu yake, hasa alivyoisimulia upya Karishika, filamu ya Nigeria kuhusu pepo wa kike anayetumwa kuwapoteza watu. Lufufu hakuwa peke yake katika kanda yetu. Kenya ina DJ Afro. Uganda ina mavijei wake, na mmoja wao, VJ Emmie, sauti yake ni sehemu ya filamu ya Who Killed Captain Alex? iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, mwaka 2010. Filamu yenyewe inasambazwa na sauti yake, kana kwamba picha bila msimulizi haijakamilika.

Kariakoo ndiyo iliyoipa sanaa hii miguu. Zilianza kanda, zikaja CD na DVD zilizotandazwa na wamachinga kando ya Msimbazi na Uhuru, sasa ni flashi inayojazwa muvi kwenye kibanda wakati mteja anasubiri. Mnunuzi bado anauliza kama imetafsiriwa, na jina la aliyetafsiri lina uzito kuliko jina la mwongozaji. Na kwa kuwa wafanyabiashara wa Zambia, Malawi, Kongo na Komoro hufunga mizigo yao hapo hapo, simulizi iliyorekodiwa Dar haibaki Dar.

Mashtaka matatu

Lipo shtaka la kwanza, la uharamia, na lina ukweli ndani yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haimruhusu mtu kunakili na kuuza filamu ya mwingine kwa sababu tu ameweka sauti juu yake. Lakini tusichanganye mambo. Perrault alikufa mwaka 1703. Ngano zake na habari za Odin ni mali ya kila mtu. Filamu ya mwaka jana ina mwenyewe. Kosa la muuzaji wa nakala halifuti ubunifu wa msimulizi, na dawa yake ni leseni inayomlipa mwenye picha na mwenye sauti pia. Leo msimulizi naye anaibiwa: sauti yake inanakiliwa vibandani bila senti kumrudia.

Shtaka la pili ni la kuiga. Filamu zetu nyingi zilizouzwa kwa DVD zilichukua kisa cha Nigeria kikiwa kizima, zikabadilisha majina na kukipangia nyumba Mbezi Beach. Hizo zinastahili kulaumiwa, kwa sababu hazikugusa mwisho. Lakini katika miaka ile ile Mussa Banzi alitoa Nsyuka na Shumileta, filamu za kutisha zenye kuazima sura ya wageni, huku mizimu, majini na waganga wake wakitoka katika hofu ambazo mtazamaji wa Dar alikuwa nazo kabla ya video. Kuazima sura si kuiga. Kuazima hukumu ndiko kuiga.

La tatu linatoka kwa wanaoogopa kwamba wageni wanazimeza ngano zetu. Hofu hiyo ina uchungu ninaouheshimu, hasa nikiona mtoto anayemjua Sinderela na hajamsikia Sungura. Hata hivyo paa wa Sultani Darai ni mgeni aliyegeuka kuwa wetu kabisa. Ngano haipotei kwa sababu nyingine imeingia. Inapotea wasimulizi wanapokosekana, kwa maana msimulizi hodari humgeuza hata mgeni kuwa mwenyeji.

Tumjaribu Thor

Tuupime msimamo huu kwa kisa cha Waskandinavia wenyewe. Jitu Thrym limeiiba nyundo ya Thor na kuifukia chini sana. Linasema haliirudishi mpaka lipewe mungu wa kike Freyja limwoe. Miungu inamvika Thor mavazi ya bibi harusi na ushungi juu, na Loki anavaa kama mtumishi wake. Karamuni bibi harusi anakula ng'ombe mzima na samaki wanane na kunywa mapipa matatu ya pombe. Jitu linashtuka, na Loki anajibu haraka kwamba bibi harusi hakula siku nane kwa hamu ya kufika. Nyundo inaletwa kumbariki, inawekwa mapajani pake, na Thor anawaua wote, pamoja na dada mzee wa jitu aliyekuja kumwomba zawadi.

Nusu ya kwanza inaingia Kariakoo bila kubisha hodi. Bibi harusi kafunikwa, na Loki ni somo, anayemsemea mwari kwa sababu mwari hasemi. Watazamaji watacheka mahali pale pale walipocheka watu wa Iceland. Pombe itakuwa sharbati, ng'ombe atakuwa masinia ya pilau yanayoingia chumbani yamejaa na kutoka matupu. Nyundo itakuwa mahari, na hapo kisa kinapata nguvu ambayo hakikuwa nayo kwao. Kwa kuwa mahari ni haki ya bibi harusi, jitu litakuwa limeirudisha mali ya wizi kwa mkono wake, mbele ya mashahidi. Abunuwasi asingefanya vizuri zaidi.

Lakini nusu ya pili inagoma. Thor ameingia kama mgeni, amekula chakula cha mwenyeji, kisha anamuua mwenyeji na wifi mzee. Kwetu mgeni njoo mwenyeji apone. Msimulizi akiacha mauaji yapite kama ushujaa, kibanda kitanyamaza, kwa sababu aibu imemhamia steringi. Hapo ana njia mbili za kweli. Amfanye Thor asionje kitu, na kichekesho kizima cha ulaji kimtoke. Au amwache ale, kisha nyundo irudi bila damu, kwa hukumu ya wazee kwamba mahari ikishatolewa haidaiwi na mwizi. Mimi ningechagua njia ya pili. Njia yoyote atakayoichagua, kazi ya kusimulia upya ataianza hapo anapolazimika kuamua jambo ambalo hadithi ya asili haikumuuliza.

Tunachodaiwa

Kwa kipimo hicho, Hamdani anayeamka jaani, Adili na ndugu zake manyani, na Lufufu akimwonya mtazamaji juu ya pepo wa Nigeria ni watu wa ukoo mmoja wa fasihi. Wawili wa kwanza wamehifadhiwa vitabuni. Wa tatu yuko kwenye kanda zinazoota ukungu na CD zilizochubuka, na wengi waliofanya kazi kama yake hawajarekodiwa jina wala mwaka. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inawafundisha wanafunzi kukusanya fasihi simulizi vijijini. Iwatume pia Kariakoo, waichukue simulizi ya filamu kama wanavyoichukua ngano: nani alisimulia, kwa nani, alibadilisha nini na kwa nini. Walimu wa fasihi wanaweza kuanza kesho, kwa kuwapa wanafunzi paka wa Perrault na paa wa Zanzibar katika kipindi kimoja na kuwauliza kwa nini mmoja alipewa cheo na mwingine akatupwa kisimani.

Na kwa kijana anayeandika, anayetaka kumpeleka Sinderela kwa Odin au kumleta Odin Gerezani, shauri langu ni moja. Aache majina na mavazi mpaka mwisho. Kwanza ajiulize katika nyumba anayoipeleka hadithi yake nani anadaiwa na nani, deni hulipwa vipi, na nini humpata asiyelipa. Akishajibu hayo, hadithi itaanza kubadilika yenyewe, na itakuwa yake kwa haki.